Kupokezana Kijiti: Uhakiki wa Usemi na Mbio Zake

Miongoni mwa semi ambazo Kiswahili cha majukwaani kimezichukua kutoka viwanja vya michezo, ni michache iliyotumika kwa wingi kama ule wa kupokezana kijiti. Mwalimu mkuu anapostaafu, mwenyekiti wa ushirika anapompisha mwingine, mzee anapowausia vijana, msemaji hasemi sana kabla hajakitaja kijiti. Usemi huu umeingia katika hotuba, katika magazeti na katika insha za wanafunzi wetu, nao umezoeleka hata hapana aulizaye maana yake. Katika insha hii tunakusudia kuuliza. Njia tutakayoifuata ni rahisi: tutauchukua usemi huu na kuurudisha ulikotoka, yaani katika mbio zenyewe, ili tuone kama wasemaji wetu wanalisema lile ambalo wakimbiaji wanalifanya. Mbio tulizozichagua ni za wanawake, mita 100 mara nne, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Beijing mwaka 2008. Tumezichagua kwa sababu ndani yake wanawake waliokuwa na kasi kuliko wote duniani walitoka mikono mitupu, na sababu ya jambo hilo haikuwa miguu yao.

Huenda msomaji akasema kwamba kazi ya mhakiki ni riwaya, tamthilia na mashairi, na kwamba mbio ni shughuli ya walimu wa michezo. Sisi tunaona vingine. Sitiari ni fani kama fani nyingine, nayo hubeba maudhui. Mwandishi wa tamthilia akimchora mhusika vibaya, mhakiki humwambia. Basi watu wengi wakiichora picha vibaya kila siku, haifai mhakiki akae kimya. Tena picha hii si pambo tupu. Watu huenenda kwa picha walizo nazo akilini. Ofisi iliyozoea kudhani kwamba kupokezana kijiti ni sherehe ya siku moja itaandaa sherehe, haitamwandaa mrithi.

Tukizisikiliza hotuba hizo kwa makini, tunaiona picha moja ikijirudia. Mzee amesimama, mkononi ana kijiti. Kijana amesimama mbele yake. Mzee anakikabidhi kijiti, kijana anakipokea kwa mikono miwili, watu wanapiga makofi, kisha mzee anakwenda kuketi. Vitenzi vinavyotumika ni vya upande mmoja: kukabidhi, kuachia, kurithi, kupewa. Mmoja hutoa na mwingine hupokea, na wote wawili wamesimama. Jambo la kushangaza ni kwamba katika picha hii, ambayo imetoka katika mbio, hapana hata mtu mmoja anayekimbia.

Picha hii imetoka wapi? Kwa upande wa Tanzania, tunadhani haikutoka katika mbio za vijiti bali katika mbio za Mwenge wa Uhuru. Mwenge huo uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro usiku wa uhuru, Desemba 1961, na tangu mwaka 1964 umekuwa ukipitishwa katika mikoa na wilaya za nchi. Kila mwenye umri wa kwenda shule anayajua makabidhiano ya Mwenge: viongozi wa wilaya moja hukutana na wenzao mpakani, taarifa husomwa, nyimbo huimbwa, na Mwenge hupita kutoka mkono hadi mkono kwa heshima, watu wakiwa wamesimama. Desturi hiyo ina maana yake na hatuna neno la kuilaumu, kwa kuwa Mwenge haushindani na mtu wala saa. Lakini kijiti hushindana. Wasemaji wetu wamelichukua jina la kijiti wakaliweka juu ya picha ya Mwenge, na kwa kufanya hivyo wamelipoteza lile hasa ambalo jina la kijiti lingeweza kutufundisha.

Hebu basi tuyatazame mambo jinsi yalivyo uwanjani. Kijiti chenyewe ni bomba jepesi lenye urefu wa sentimita 28 hadi 30, na uzito usiopungua gramu 50. Wakimbiaji wanne hugawana mzunguko mmoja wa uwanja, na kijiti hubadilisha mikono mara tatu. Kila mara hiyo ni lazima ifanyike ndani ya eneo lililochorwa. Mwaka 2008 eneo hilo lilikuwa na urefu wa mita 20, na nyuma yake palikuwa na mita 10 za mpokeaji kuanzia kukimbia. Kanuni za miaka ya baadaye zimeviunganisha vipande hivyo viwili kuwa eneo moja la mita 30. Mwamuzi aliyewekwa hapo haitazami miguu ya wakimbiaji bali hutazama kijiti kiko wapi kinapohama mkono. Kikihama kabla ya mstari wa kwanza au baada ya mstari wa mwisho, timu yote imetoka, hata kama ilikuwa mbele kwa hatua kumi.

Ndani ya eneo hilo ndimo ulimo ufundi wote. Mpokeaji huweka alama yake chini, mahali alipopapima siku nyingi pamoja na mwenzake. Mtoaji anapoifikia alama hiyo, mpokeaji huondoka kwa nguvu zake zote, uso ukiwa mbele. Hageuki. Huusikia wito wa mwenzake, hurudisha mkono nyuma, na kijiti hutua kiganjani bila yeye kukiona. Mtoaji naye, ambaye sasa amechoka, hana ruhusa ya kupunguza mwendo. Humfukuza mtu ambaye kila hatua anazidi kwenda kasi. Kijiti hupita vizuri pale tu kasi za wawili hao zinapokaribiana. Mpokeaji akiondoka mapema, hatafikiwa. Akichelewa, watagongana. Akisimama kungoja akabidhiwe, kama katika hotuba zetu, ataipoteza mbio kabla hajapiga hatua moja.

Faida ya ufundi huo yaweza kupimwa kwa tarakimu. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, wanawake wanne wa Marekani, Tianna Madison, Allyson Felix, Bianca Knight na Carmelita Jeter, walimaliza kwa sekunde 40.82 na kuivunja rekodi ya sekunde 41.37 ambayo Ujerumani Mashariki ilikuwa imeiweka mwaka 1985. Tukizigawa sekunde hizo 40.82 kwa wanne, kila mmoja anapata chini kidogo ya sekunde 10.21. Rekodi ya mwanamke anayekimbia mita 100 peke yake, iliyowekwa na Florence Griffith-Joyner mwaka 1988, ni sekunde 10.49. Wanne wale walizipita pamoja mita 400 kwa wastani ambao hata bingwa huyo hakuufikia katika mita 100 zake. Hapana uchawi hapo. Watatu kati yao walikuwa tayari mwendoni kijiti kilipowafikia. Kasi ya mmoja haikufa ili ya mwingine izaliwe upya. Ilipita ikiwa hai.

Mwalimu wa Kiswahili hatashangaa sana, kwa kuwa sarufi yetu ilikuwa imekwisha kulisema jambo hili. Kitenzi ni pokea. Kikinyambuliwa tunapata pokeza, yaani kumfanya mtu apokee. Tukiongeza kiambishi cha kutendana tunapata pokezana. Ndani ya neno hilo moja mna wawili wanaofanyiana kazi kwa wakati mmoja. Mtoaji humfanya mwenzake apokee, na mpokeaji humwezesha mwenzake kutoa. Vitenzi kukabidhi na kuachia havina utajiri huo. Msemaji anapokiacha kitenzi pokezana na kuchukua kukabidhi, amekata nusu ya tendo.

Wala tusidhani kwamba ufundi huu ni mgeni kwetu. Tangu zamani wanawake wa vijiji vyetu wametwanga kwa kupokezana, wawili au watatu katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Mchi mmoja unapopanda, mwingine unashuka. Hapana asimamaye kumsubiri mwenziwe amalize. Mmoja akichelewa kidogo, michi hugongana na nafaka humwagika. Binti hakufundishwa kazi hiyo kwa hotuba. Aliingizwa kinuni mama akiwa bado anatwanga, akashika mapigo taratibu, hata ikafika siku mama akautoa mchi wake na mapigo yasikatike. Anayetafuta katika utamaduni wetu picha iliyo sawa na kijiti hana haja ya kwenda mbali.

Sasa twende Beijing. Tarehe 17 Agosti 2008 ilikimbiwa fainali ya mita 100 ya wanawake. Wajamaika watatu walichukua nafasi zote za juu: Shelly-Ann Fraser alishinda kwa sekunde 10.78, nao Sherone Simpson na Kerron Stewart wakafungana kwa sekunde 10.98, hata wote wawili wakapewa medali za fedha na ya shaba isitolewe kwa mtu. Katika fainali hiyohiyo walikuwamo Wamarekani watatu. Watu sita kati ya wanane waliokimbia walitoka nchi mbili. Aliyetazama orodha hiyo angeweza kuapa kwamba dhahabu ya mbio za vijiti ingekwenda Jamaika, na kama si Jamaika, Marekani.

Tarehe 21 Agosti zilifanyika mbio za mchujo. Katika zamu ya mwisho ya kupokezana, Torri Edwards wa Marekani na Lauryn Williams walikosana, na kijiti kikaanguka. Williams alirudi, akakiokota na kumaliza, lakini timu yake haikuingia fainali. Siku iliyofuata ilikuwa fainali. Fraser alianza vizuri na kumfikishia Simpson kijiti. Simpson alipomfikia Stewart, mikono haikukutana, na Jamaika ikatoka mashindanoni. Mkimbiaji wao wa nne alikuwa Veronica Campbell-Brown, aliyekuwa ameshinda dhahabu ya mita 200 jana yake. Kasi yake haikupata kazi ya kufanya. Uingereza nayo haikufika mwisho. Urusi ilimaliza ya kwanza kwa sekunde 42.31, Ubelgiji ya pili kwa 42.54, Nigeria ya tatu kwa 43.04, na Brazili ya nne.

Tuutazame msiba wa Jamaika kwa utulivu. Simpson na Stewart walikuwa na kasi iliyolingana kiasi ambacho siku tano tu kabla saa yenyewe ilishindwa kuwatenganisha. Kama kijiti kingekuwa kile cha hotuba zetu, wawili hao wasingekosana kamwe. Lakini kulingana kwa vipawa si sawa na kulingana kwa mapigo. Ubelgiji, kwa upande mwingine, haikuwa na hata mkimbiaji mmoja katika fainali ya mita 100. Wanawake wake wanne, Olivia Borlée, Hanna Mariën, Élodie Ouédraogo na Kim Gevaert, ndio waliokuwa wamepata medali ya shaba katika Mashindano ya Dunia ya Osaka mwaka 2007. Mwaka mzima baadaye walisimama tena pamoja. Hatusemi kwamba walikuwa wazito, maana Gevaert alikuwa bingwa wa Ulaya wa mita 100 na 200 mwaka 2006. Tunasema kwamba walikuwa wamezoeana, na kuzoeana ni kazi ambayo haifanywi siku ya mashindano.

Mazoea ya watazamaji baada ya kuanguka kwa kijiti ni kumtafuta mkosaji. Je, ni yule aliyetoa au yule aliyepokea? Swali hili linatokana na picha ileile ya kukabidhi, ambamo kuna mwenye kutoa na mwenye kupewa, na lazima mmoja awe ameteleza. Katika pokezana swali hilo mara nyingi halina jibu. Mpokeaji aliondoka mapema kwa sababu alimtarajia mwenzake aje kwa kasi fulani. Mwenzake alikuja kwa kasi nyingine kwa sababu aliuchoka mwendo wake. Na alama ya chini waliipima wote wawili. Kosa liko kati yao. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Nasi twaweza kuongeza kwamba mkono mmoja hauangushi kijiti.

Hapa yafaa tulisikilize pingamizi moja. Atatokea msomaji aseme: sitiari haidaiwi kufanana na kitu chake kwa kila namna. Tukimwita mtu simba, hatumdai mkia. Kwa nini basi tuidai hotuba ya kustaafu ilingane na kanuni za riadha? Pingamizi hilo ni la haki, nalo lina jibu. Sitiari ya simba huchukua ushujaa, ambao ndio kiini cha simba akilini mwetu, na kuuacha mkia. Sitiari ya kijiti, jinsi inavyotumika, hukichukua kipande cha mti na kuiacha mbio. Imeuchukua mkia na kumwacha simba. Hatuwadai wasemaji sentimita wala gramu. Tunawadai jambo moja tu, yaani kwamba kijiti hupita kati ya watu wawili waliomo mwendoni.

Mbio za Beijing hazikuisha mwaka 2008. Mwezi Agosti 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kwamba sampuli za mmoja wa wanawake wanne wa Urusi, Yuliya Chermoshanskaya, zilizopimwa upya, zimeonyesha dawa zilizokatazwa michezoni. Urusi ilinyang'anywa dhahabu. Ubelgiji ilipanda hadi nafasi ya kwanza, Nigeria ikapata fedha, na Brazili shaba. Kwa hiyo wale wanne wasiokuwa na mtu katika fainali ya mita 100 ndio mabingwa wa Olimpiki, na wanawake wanne wa Nigeria waliokuwa uwanjani siku ile, Franca Idoko, Gloria Kemasuode, Halimat Ismaila na Oludamola Osayomi, ni washindi wa pili. Afrika ilingoja miaka minane kupata haki yake, na ilipokuja hapakuwa na uwanja uliojaa watu wala bendera iliyopandishwa mbele yao Beijing.

Hukumu hiyo ina uzito wa pekee kwa uhakiki wetu. Makosa yalikuwa ya mmoja, na watatu wengine walinyang'anywa medali pamoja naye. Methali yetu husema kwamba samaki mmoja akioza huoza wote, na mara nyingi methali hiyo huonekana kuwa kali kupita kiasi, kwa kuwa humwadhibu asiyekosa. Katika kijiti tunaona kwa nini ukali huo hauepukiki. Sekunde 42.31 za Urusi hazikuwa na mpaka ndani yake; hapana awezaye kuzikata na kusema hizi ni safi na zile si safi. Anayekipokea kijiti hupokea pia namna kilivyofika. Wale wanaopokea ofisi, hazina na shule kwa makofi na picha wangefanya vyema kulikumbuka jambo hili, kwa maana watajibu pia kwa hatua ambazo hawakuzikimbia wao.

Hapa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa mbio za vijiti za wanawake, nao una somo tofauti. Mwezi Mei 2014, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya mbio za kupokezana vijiti yaliyofanyika Nassau, visiwa vya Bahama, Wakenya Mercy Cherono, Faith Kipyegon, Irene Jelagat na Hellen Obiri walikimbia mita 1,500 mara nne kwa dakika 16 na sekunde 33.58, rekodi mpya ya dunia wakati huo. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2020, ilipovunjwa na Wamarekani. Wakenya waliwaacha wa pili kwa zaidi ya sekunde 20. Ushindi huo ni fahari ya eneo letu lote. Lakini mhakiki hana budi kutambua kwamba katika mbio ndefu namna hiyo kijiti hudai kidogo. Mkimbiaji anayepoteza nusu sekunde katika kupokea ana mita 1,500 za kuifidia. Katika mita 100 hana kitu. Ndiyo maana watu wenye vipawa vikubwa vya mmoja mmoja waweza kushinda mbio ndefu za vijiti bila kuujua sana ufundi wa kupokezana, na kushindwa katika zile fupi. Kazi nyingi za jamii ni za mbio fupi. Mwalimu wa kidato cha nne anayehamishwa katikati ya muhula huwaacha wanafunzi ambao hawana mita 1,500 za kufidia.

Tumesema kwamba mtoaji hapaswi kupunguza mwendo kabla kijiti hakijashikwa. Hatuna budi tuongeze upande wa pili, kwa sababu eneo lina mistari miwili. Mtoaji anayeng'ang'ania kijiti hadi akavuka mstari wa mwisho ameiangamiza timu yake sawasawa na yule aliyekitupa mapema. Katika historia ya Tanzania tunao mfano ambao kipimo hiki huuangaza. Mwaka 1985 Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais, na Ali Hassan Mwinyi akaushika. Neno alilolitumia Mwalimu, kung'atuka, likaingia katika Kiswahili cha kila siku. Lakini Mwalimu aliendelea kuwa mwenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi hadi mwaka 1990. Wapo wanaoiona miaka hiyo mitano kuwa ni wakati ambao mtoaji na mpokeaji walikimbia bega kwa bega, na wapo wanaoona kwamba mkono ulichelewa kuachia. Kuamua baina yao ni kazi ya wanahistoria. Tunachotaka kukionyesha ni kwamba usemi wa kijiti, ukitumiwa kwa maana yake kamili, hutuwezesha kuliuliza swali hilo kwa usahihi: eneo lilikuwa na urefu gani, na kijiti kilihama wapi? Hotuba ya makofi haiwezi kuliuliza.

Mfano mwingine unatoka Jamaika yenyewe. Tarehe 6 Agosti 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Jamaika ilishinda mita 100 mara nne kwa sekunde 41.02. Aliyeanza alikuwa Briana Williams, binti wa miaka 19. Alimpokeza Elaine Thompson-Herah, naye akampokeza Shelly-Ann Fraser-Pryce, ambaye alimfikishia Shericka Jackson. Fraser-Pryce huyo ndiye Fraser aliyeianza fainali ya Beijing akiwa na miaka 21. Sasa alikuwa na miaka 34 na mtoto nyumbani. Usemi wetu wa majukwaani ungetaka mwanamke huyo akabidhi kijiti kwa Williams, kisha aketi. Uwanjani mambo yalikuwa kinyume. Binti ndiye aliyetangulia kukishika, na mkubwa akakipokea baadaye kutoka mkono wa pili, wote wakiwa katika mbio moja. Kwa nini kila mara tunadhani kwamba kijiti hutoka kwa mzee kwenda kwa kijana? Yako mambo ambayo vijana wameyashika kwanza, na wazee wana wajibu wa kuondoka kwenye alama yao kabla hawajachelewa.

Na kwa nini, yawezekana kuulizwa, tumezichukua mbio za wanawake? Historia yenyewe inajibu. Wanawake waliruhusiwa kushiriki riadha ya Olimpiki kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1928, wakapewa michezo mitano tu. Mmoja wake ulikuwa mita 100 mara nne, ambao Kanada ilishinda. Mita 800 zao ziliondolewa baadaye kwa madai kwamba ni nzito mno kwa mwanamke, na hazikurudi hadi mwaka 1960. Mbio za vijiti zilibaki. Kwa hiyo mwanamke amekimbia na kijiti Olimpiki tangu siku ya kwanza aliyokubaliwa uwanjani. Hata hivyo, katika hotuba zetu mtoaji ni mzee wa kiume na mpokeaji ni kijana wa kiume, kana kwamba kinu hakikuwahi kuwapo wala mama hakuwahi kumpokeza binti mchi.

Tunawaachia walimu pendekezo ambalo halihitaji fedha. Shule zinazojiandaa kwa UMISSETA hufanya mazoezi ya mbio za vijiti kila mwaka, na mara nyingi wanafunzi wanne wenye kasi huchaguliwa juma moja kabla, wakaambiwa wakimbie. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa michezo washirikiane. Kabla ya kufundisha sitiari, darasa lote litoke uwanjani, wasichana kwa wavulana, wakiwa na kipande cha mti. Wachore mistari miwili, waweke alama, na wajaribu kupokezana bila kugeuka nyuma, mara kumi, mara ishirini, hadi kijiti kiache kuanguka. Kisha mwalimu awarudishe darasani, awasomee hotuba moja ya kuagana kutoka gazetini, na awape swali la insha: katika hotuba hii, ni nani anayekimbia?